Chumba cha mtoto: tukiandae kabla hajazaliwa au tusubiri?

Mtarajiwa

Wakuu, salaam. Tunategemea mtoto wa kwanza baada ya wiki kumi hivi. Kuna chumba cha ziada, mita 2.5 kwa 3, dirisha moja limetazama magharibi, na kwa sasa ni stoo ya maboksi. Humu ndani kura zimegawanyika. Mmoja anataka kipakwe rangi, kiwekwe kitanda, kabati, meza ya kubadilishia nepi na kiti cha kunyonyeshea, vyote viwe tayari kabla mtoto hajafika. Mwingine anasema mtoto atalala na sisi, kwa hiyo huko ni kujichosha bure.

Chumba chenyewe kinahitajika tangu siku ya kwanza? Kama hakihitajiki, kinaanza kuhitajika lini? Na ni kitu gani ambacho tukikiahirisha tutakuja kukijutia? Halafu kuna ndugu anatupa kitanda cha mbao kilichotumika, kile chenye ubavu mmoja wa kupandisha na kushusha. Tukichukue?

MkungaWaZamu

Hongereni. Kwa kulala, chumba hicho hakina kazi miezi sita ya mwanzo. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi, ila kwenye kitanda chake mwenyewe, walau hadi afikishe miezi 6. Uingereza nao wanasema miezi 6, tena wanahesabu na usingizi wa mchana. Sababu ni vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini: vingi hutokea kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, na baada ya mwezi wa sita vinakuwa vichache sana.

Ipo pia sababu ya miguu yenu. Mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hata zikiangukia usiku mara tatu tu, akiwa chumba kingine hizo ni safari sita za koridoni, na ukifika ameshalia kiasi kwamba lazima umbembeleze kwanza ndipo akubali ziwa. Akiwa mkono mmoja kutoka kitandani kwako unamsikia anapoanza kujinyonganyonga na kugeuza kichwa akitafuta, kabla kilio hakijaanza. Mnyonyeshe hapo hapo, nyote mrudi kulala.

Kwenye orodha yenu yote, kinachonitisha mimi ni kile kiti. Watu wanakipenda kwa sababu kwenye picha kinapendeza. Saa tisa usiku, mzazi aliyechoka, kwenye kiti laini chenye mikono, anasinzia na mtoto kifuani. Mtoto anateleza kati ya mwili na mto wa kiti, pua inazibwa. Sofa na viti vya namna hiyo ni mahali pabaya kuliko pote kwa mtoto kulala. Kama unajua unaweza kupitiwa na usingizi, ni afadhali kunyonyesha ukiwa kitandani ulikoondoa mito na blanketi, kisha mrudishe mtoto kwake mara uzindukapo. Kiti cha mchana sina ugomvi nacho.

Kwa hiyo kabla ya wiki ya kujifungua mnahitaji mahali pa kulala pembeni ya kitanda chenu: pawe tambarare, godoro gumu, shuka moja la kitambaa lenye mpira pembeni, lililobana. Basi. Hakuna mto, blanketi wala mwanasesere. Mtoto alale chali kila mara, hata yule anayecheua. Wengi huogopa atapaliwa; ukweli ni kwamba akilala chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo kilichopanda hurudi chini au hutoka mdomoni. Akilala kifudifudi mambo yanageuka.

Vile vitanda vidogo vya kikapu vina muda mfupi. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono au kujigeuza, na huweza kuwa mwezi wa nne, kikapu kimekwisha kazi hata kama anaenea. Kikomo cha uzito husomwa kwenye lebo iliyo chini yake. Pima chumba chenu: kama kitanda cha godoro la sentimita 60 kwa 120 kinaingia na bado mnabaki na njia ya kupita ya sentimita 50 au zaidi, rukeni kikapu, anzeni na kitanda chenyewe.

FundiChaga

Naongezea la kitanda cha ubavu wa kushuka: msikichukue. Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda hivyo mwezi Juni 2011. Tatizo liko kwenye zile reli na makomeo ya plastiki. Yanalika, yanapasuka kwa ndani usione, siku moja kona moja ya ubavu inachomoka huku nyingine imeshika. Pale katikati panafunguka mwanya wenye umbo la V kati ya ubavu na godoro. Mwili wa mtoto unapita, kichwa kinakwama. Na usidanganyike kwamba ukipiga skrubu nne ubavu usishuke umemaliza kazi. Ule mti haukuundwa kubeba nguvu kwenye hizo sehemu, skrubu zinalegea na mwanya unarudi.

Kitanda kilichotumika chenye mbavu nne zisizoshuka nakubali, lakini kikaguliwe namna hii. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Kopo la kawaida la soda likipita, kitanda hakifai. Laza godoro, sukuma kona moja, kisha angalia upande wa pili: vidole viwili vya mtu mzima vikiingia na nafasi ikabaki, godoro ni dogo mno. Nguzo za kona ziwe sawa na ukingo, zisichomoze hata milimita 2, kwa kuwa ukosi wa nguo hunaswa hapo. Ubao wa mchagoni wenye nakshi za matundu, hapana, kichwa kinaweza kuingia. Kisha pindua kitanda utazame chaga na vishikizo vyake. Chaga iliyovunjika ikafungwa kwa waya, au bolti iliyobadilishwa na msumari, ni sababu tosha ya kukiacha.

Rangi ya zamani nayo. Usikimbilie kupiga msasa kitanda cha zamani usichojua kilipakwa nini. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi (Marekani ilizikataza majumbani mwaka 1978), na vumbi lake ndilo baya zaidi. Mtoto akianza kuota meno hutafuna ukingo wa kitanda.

Mkiunganisha kitanda, iwe kipya au cha zamani: ingizeni bolti zote kwanza kwa vidole tu, kitanda kisimame sakafuni kwa matendegu yote manne, ndipo mkaze kwa zamu, kona hii kisha ya mkabala wake. Ukikaza kona moja hadi mwisho kabla ya nyingine, fremu inakaa upande na bolti ya mwisho haifiki kwenye nati. Watu hapo hulazimisha, uzi unaharibika. Rudi kukaza baada ya wiki mbili, maana mbao mpya hutulia.

BrashiNaNdoo

Mimi naona swali la Mtarajiwa lina sehemu mbili zinazochanganywa. Kitanda na kabati mnaweza kuingiza hata mtoto akiwa na miezi mitano, kazi ya nusu siku. Kuta haziwezi kungoja. Kukwangua, msasa, unyevu na rangi ni kazi za vumbi na harufu, hazifanywi na mtoto mchanga ndani ya nyumba, na mjamzito asizishike yeye. Kwa hiyo kama kuna siku kuta hizo zitapakwa, ni sasa. Kama zinapendeza zilivyo, ziacheni, mtoto haangalii rangi ya ukuta.

Anzeni kwa kutoa maboksi yote na kusogeza kila kilichoegemea ukuta. Stoo huficha mambo. Tafuteni madoa meusi kwenye kona za ukuta wa nje, chini ya dirisha na nyuma ya pazia. Kama kuna ukungu, msiupake rangi juu. Utatokeza tena baada ya wiki chache na kubandua rangi mpya vipande vipande. Tafuteni maji yanakotoka kwanza: mfereji wa paa, bomba, ufa wa fremu ya dirisha, au chumba kisichopitisha hewa tu. Zibeni, osheni ukuta kwa maji ya sabuni, uacheni ukauke kabisa. Mtihani rahisi: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, ukizungushie utepe pande zote nne, kiache siku mbili. Matone upande wa ndani wa nailoni maana yake ukuta bado unatoa maji. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu, fungueni madirisha.

Hesabu ya rangi: mzunguko wa chumba ni mita 11, kuta zikiwa na kimo cha mita 2.5 mnapata mita za mraba 27.5. Toa mlango na dirisha, kama 3. Kupaka mara mbili ni karibu mita za mraba 49, na lita moja hufunika 10 hadi 12 kwenye ukuta laini. Lita 5 zinatosha, zitabaki kidogo za kurekebishia. Chukueni rangi ya maji yenye harufu ndogo, ile ya mafuta iacheni. Ukiigusa baada ya saa mbili imekauka, lakini kukauka si kuisha harufu. Wiki tatu madirisha wazi mchana, nne ni bora. Mna wiki kumi, kwa hiyo rangi iwe imekwisha wiki ya tatu. Watoto wengine hawangoji tarehe.

Kabati jipya la mbao za vumbi lililogundishwa linatoa harufu kali pia. Lifungueni kwenye boksi mapema, droo zote wazi, lipigwe hewa siku kadhaa.

Nalo dirisha la magharibi lisidharauliwe. Chumba hicho kinapigwa jua alasiri yote, ukuta unahifadhi joto, na linaanza kutoka jioni, saa ile ile ya kumlaza mtoto. Wekeni kipimajoto pale godoro litakapokuwa, si juu ya dirisha, msome saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku na saa kumi alfajiri kwa siku tatu. Kivuli cha nje, iwe kipaa kidogo au turubai, hushinda pazia zito la ndani; jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia chumbani na pazia halilitoi.

MkungaWaZamu

Hapo pa joto: Uingereza wanapendekeza nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi. Panapokuwa na joto zaidi ya hapo huwezi kulazimisha, basi punguza nguo. Gusa kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho au moto, vua safu moja. Mikono na miguu ya mchanga huwa baridi kwa kawaida, isikudanganye ukamrundikia nguo. Kofia ndani ya nyumba hapana, mtoto hupoteza joto jingi kichwani na ndivyo anavyojipooza.

DrooYaTatu

Wote mmejibu habari ya kulala. Chumba kina kazi nyingine: nguo, akiba ya nepi, kubadilishia mchana. Kwa hiyo nakataa kwamba ni kujichosha bure, ila kianze kama stoo iliyopangwa, kitanda kije baadaye.

Meza maalumu ya kubadilishia nepi msinunue. Inatumika mwaka mmoja hivi kisha inakuwa ya kuwekea nguo zisizokunjwa. Kabati la droo lenye kimo cha kiunoni kwako, sentimita 90 hadi 100, na kigodoro chenye kingo zilizoinuka juu yake, linafanya kazi ile ile kisha linabaki kabati. Muhimu ni mpangilio. Mkono mmoja uwe juu ya mtoto muda wote, kwa hiyo kila kitu kiwe upande wa mkono wa pili, ndani ya urefu wa mkono: nepi, vitambaa vya kufutia, mafuta ya kukinga upele, nguo moja ya akiba. Ukilazimika kupiga hatua moja, mpangilio umekosewa. Ndoo ya taka iwe na mfuniko wa kukanyaga. Nani anataka kupinda mgongo? Lakini mkeka mnene sakafuni ndio salama kuliko vyote, mtoto hana pa kuanguka.

Usiku msiende huko. Kikapu kimoja chumbani kwenu: nepi 6, vitambaa, seti mbili za nguo, shuka moja la akiba, na taa hafifu ya njano ikae chini ya usawa wa macho. Kikapu kinajazwa kila jioni kutoka kwenye kabati.

Akiba nayo ina mtego. Mchanga hutumia nepi 8 hadi 12 kwa siku, kwa wiki ni kama 70. Watu hununua za mwezi mzima za saizi ndogo kabisa, mtoto anazaliwa na kilo nne, haziingii. Nunueni za wiki moja, mwili wake utasema.

Nina swali na mimi: zile kinga laini za kuzungushia fito za kitanda, ili asigonge kichwa au kupitisha mguu, nazo mnaonaje?

FundiChaga

Usiweke. Marekani iliziondoa sokoni kwa sheria ya mwaka 2022, pamoja na vilalio vya watoto vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10. Kinga hizo zilianza zamani fito zilipokuwa zimeachana sana. Nafasi ikiwa chini ya sentimita 6 hazina cha kuzuia. Mtoto hubana uso kwenye kitambaa asiweze kujitoa, kamba zake hunasa shingo, na akianza kusimama huzifanya ngazi. Mguu ukipita kwenye fito atalia, utautoa.

Kuhusu kabati la droo, pendekezo zuri ila limekosa kitu kimoja: lifungwe ukutani. Mtoto wa mwaka hufungua droo tatu za chini akapanda kama ngazi, na kabati linamwangukia. Vishikizo viwili vya chuma, juu kabisa ya mgongo wa kabati, skrubu ziingie kwenye fremu na si kwenye ule ubao mwembamba wa nyuma. Upande wa ukuta, plasta peke yake haishiki. Ina unene wa sentimita moja na nusu hivi, inabomoka. Toboa upite plasta uingie kwenye tofali lenyewe sentimita 5, vumbi lipulizwe litoke, ndipo plagi ya plastiki iingie kwa kugongwa kidogo. Ikiingia kwa kidole, tundu ni kubwa. Mwisho fungua droo zote na uvute ukingo wa juu kwa nguvu. Lisicheze. Fanyeni hivi mnapopaka rangi, vumbi la kutoboa liishe siku moja na la msasa.

Mtarajiwa

Asanteni sana, nimepata kuliko nilichouliza. Kitanda cha ndugu hatukichukui. Tumepima chumba chetu, cha 60 kwa 120 kinaingia upande wa mama na njia inabaki sentimita 55. Kile cha ziada tunakipaka rangi wiki ijayo na kuweka kabati tu. Mawili yamebaki: mwezi wa sita ukifika tunamhamishaje? Na kifaa cha kumsikilizia kinahitajika?

MkungaWaZamu

Sita si sharti la kumfukuza. Mkiona bora abaki hadi mwaka, abaki. Mkihama, hameni na kitanda kile kile, shuka la aina ile ile, na ratiba ile ile ya kulala. Wiki moja au mbili kabla, acheni acheze humo mchana akiwa macho, kisha alale humo usingizi wa mchana, usiku uje mwisho. Msihamie wiki ya chanjo, homa au safari, maana akiamka mara tano hamtajua kilichomwamsha ni nini.

Kifaa: kama mnamsikia milango ikiwa wazi, hakihitajiki. Mkikiweka, kikae, pamoja na waya wake, umbali wa walau sentimita 90 kutoka kitandani, waya umebanwa ukutani, kwa kuwa mkono wa mtoto wa miezi tisa hufika mbali kuliko unavyodhani. Kamba za pazia vivyo hivyo. Vile vya kuvalisha mguuni kupima mapigo na oksijeni havijathibitishwa kuzuia kifo cha ghafla. Visikulegeze kwenye kulala chali na kitanda kitupu. Fedha hiyo wekeni kwenye king'ora cha moshi.

Kitanda kisiwe chini ya dirisha, wala chini ya rafu au picha yenye fremu.

FundiChaga

Na kimo cha godoro: la juu kwa mchanga, mgongo wako utashukuru. Akianza kukaa mwenyewe shusha, na kabla hajajivuta kusimama liwe chini kabisa. Akifika sentimita 89 au akijaribu kuvuka ubavu, kitanda kimekwisha.

Kabla hamjalipia, pimeni milango yote miwili. Kitanda cha godoro la 60 kina upana wa fremu wa sentimita 65 na zaidi, na mlango wa ndani ukitoa unene wa ubao na kitasa unaweza kubaki na 70 au pungufu. Kikikwaruza, usikisukume kwa upande. Fremu inapinda viungoni na hutaona hadi kianze kulia usiku. Kifungueni, mkakiunge upya chumba cha pili. Ile spana yake ndogo ibandikeni kwa utepe chini ya chaga siku ya kwanza, mwezi wa sita hamtaikumbuka iko wapi.